Mwendo wa Mshahara

Kaloleni, Voi
14 Januari 1972

Mwanangu Josephat,

Pokea salamu za huku. Mimi sijambo, ila mguu wa kushoto umeanza tena matata yake, na daktari ananiambia nipunguze uzito, kana kwamba nilikwenda dukani kuununua. Mjomba wako Obadiah hajambo. Kule Mbololo amevuna mahindi kidogo kwa sababu nyani wamevuna mengi. Mvua ilinyesha mlimani ikatupita sisi wa hapa chini, kama kawaida yake. Dinah wa nyumba ya pili amejifungua mtoto wa kike, na wamempa jina la marehemu mama yako, Priscilla. Nilifurahi, nikampelekea khanga na sabuni.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mwalimu Loise aliniletea lile jarida la Kiingereza lenye hadithi yako. Alilibeba kama anabeba mayai. "Mama, mwanao ameandika juu ya dada yako!" Nikaanza kulisoma nikiwa nimesimama, kwa furaha. Nilipofika pale katikati, nikaketi.

Umeandika kwamba yule mwanamke wa jikoni kwa meneja wa mkonge, ambaye kila mtu wa Voi anajua ni mama yako, 'scurried' kutoka jikoni hadi barazani.

Josephat, mimi nimefundisha Kiingereza tangu enzi za ubao wa kuegemeza ukutani kwa jiwe. Neno hilo nalijua. Ni neno la panya. Taa ikiwashwa, ndivyo panya anavyofanya. Gunia likiinuliwa, ndivyo mende anavyofanya. Na sasa dada yangu, aliyekuzaa, aliyebaki na wewe mgongoni baba yako alipofariki, aliyenisomesha mimi nikawa mwalimu na wewe ukawa hicho ulicho, umempa mwendo wa panya, ukaupiga chapa, ukawapa Wazungu wasome na chai yao.

Hongera sana.

Loise anasema hadithi hiyo itaingia kwenye kitabu. Kabla haijaingia, litoe neno hilo. Sikuombi, nakuambia.

Mama yako mdogo,
Tryphena


Makadara, Nairobi
6 Februari 1972

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, nasoma miswada ya watu kutwa nzima mpaka macho yanauma. Bado nakaa na Nzomo, yule kijana wa Kitui anayekoroma. Majirani walikuja kuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga. Mpe Dinah pongezi zangu kwa mtoto.

Mutindi anakusalimu sana. Anamaliza uuguzi mwezi wa tatu. Baba yake, Mzee Musyimi, bado ana duka lake Maungu kando ya barabara kuu, na amekubali kuja kwetu Pasaka. Mjomba Obadiah ameniandikia kwamba Jumatatu ya Pasaka tukutane kwake Mbololo, tufanye kutasa kwanza, kila mwenye kinyongo akitoe, ndipo Mutindi apokelewe kama mchumba wangu. Mama hayupo, kwa hiyo wewe ndiye utakayesimama mahali pake. Nakusihi uje.

Kuhusu lile neno, nadhani umelionea. Nimelitazama tena kwenye kamusi: kwenda upesi kwa hatua fupi na nyepesi. Hapo matusi yako wapi? Mhariri wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, na aliniambia ndilo neno zuri kuliko yote katika ukurasa ule. Alisema anamwona kabisa mama yule mbele ya macho yake.

Kwa heshima zote, Mama Mdogo, Kiingereza mlichofundishwa na wamisheni kilikuwa kikali kidogo. Siku hizi lugha imelegea.

Mwanao,
Josephat


Kaloleni, Voi
27 Februari 1972

Mwanangu Josephat,

Salamu. Joto la huku unalijua, kuku wanahema mdomo wazi. Obadiah alishuka juzi kuuza ndizi, akaniachia mkungu mzima, nami nimewagawia majirani. Bwana mmoja wa reli amenunua redio kubwa, na sasa Kaloleni nzima inajua habari kabla haijataka kuzijua.

Nimefurahi kusikia kwamba Kiingereza kimelegea. Nilikuwa sijui. Na nimefurahi kwamba Mwingereza wako anamwona mama yako mbele ya macho yake. Ni kweli, anamwona. Ndivyo walivyomwona siku zote. Hapo ndipo pana ugonjwa wenyewe, na wewe unanieleza kama dawa.

Kamusi inakuambia neno lina maana gani. Haikuambii neno hilo hutembea na nani. Kwa hiyo nimefanya kazi ambayo ungefanya wewe mwenye digrii. Nimeshusha vitabu vyangu vyote vya Kiingereza, vya hadithi, vya wasafiri, vya watoto, hata vile vilivyoliwa na mchwa, nikatafuta ni nani hasa huyu anaye-scurry.

Panya, tulishakubaliana. Mende, kaa wa pwani, kuku wanaokoswakoswa na gari. Majani makavu yanayopeperushwa. Makarani, bosi akitokea. Wajakazi, katika kila kitabu chenye nyumba kubwa. Watoto wa shule mwalimu akiingia, na hapo nakiri nimewahi kulitumia mwenyewe. Halafu kina sisi. Kuna kitabu kimoja cha Mzungu mwindaji aliyepiga kambi pande za huku, na simba akaingia kambini. Mzungu ame-'dash', mbio za kiume, kuelekea hemani. Mpishi ame-'scurry' kuelekea mtini. Simba ni yule yule, mbio ni zile zile, na mimi naamini mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Nitafutie kitabu kimoja ambamo Bwana DC ame-scurry. Nitafutie askofu. Wao hu-'stride', hatua ndefu, hata wakienda chooni.

Neno ni jepesi, ndiyo. Linamtaka mtu asiye na uzito. Nguo ya kuazima haistiri, malizia mwenyewe, mimi ni mwalimu.

Nitakuja Mbololo Pasaka. Ila neno litoke.

Mama yako mdogo,
Tryphena


Makadara, Nairobi
11 Aprili 1972

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa treni ilisimama porini muda mrefu, wakasema tembo yuko njiani. Mutindi amefaulu mtihani wake wa mwisho. Sisi wengine tuko tu.

Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole nimeshindwa, basi naiandika hivyo hivyo.

Mjomba Obadiah alifanya kila kitu kwa ajili yako. Hata mbangara, pombe yetu ya miwa, hakuleta, ingawa wazee walinung'unika, alileta maji safi ya chemchemi ili asikukoseshe wewe mtu wa kanisa. Akasimama wa kwanza na kata yake. Akasema kama ana neno moyoni na mtu yeyote wa nyumba ile, litoke sasa. Akatia funda kinywani, akalitema juu ya majani, pfuu, na watu wakaitikia. Kisha akakupa kata wewe. Ukasema vizuri, kwa Kidawida chetu safi mpaka mimi mwenyewe nikaguswa. Ukatia funda. Tukangoja.

Koo lako likapanda, likashuka.

Hata watoto waliona. Mjomba akasema polepole, "Tryphena, umemeza." Nawe ukamjibu, "Ndiyo," kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

Unajua ni nani aliyekuwa amekaa mbele kabisa? Mzee Musyimi. Njiani kurudi Maungu aliniuliza, "Josephat, kule mbona watu walinyamaza ghafla?" Nikalazimika kumweleza. Nikamwambia kwetu yule anayetema ameachilia, na anayemeza amekataa, hasira imerudi tumboni na itamfuata bibi arusi mpaka chumbani. Alitikisa kichwa mpaka tukafika dukani kwake. Akasema, "Sasa mimi nimtoe binti yangu akaishi ndani ya tumbo la mtu mwenye hasira? Hapana. Siku yule mama akitema, mniite."

Mjomba naye amesema vivyo hivyo. Hakuna arusi mpaka uteme. Kwa ajili ya neno moja la Kiingereza, Mama Mdogo! Hao Waingereza wenyewe hawana habari.

Nakuomba urudi Mbololo, uteme, yaishe.

Josephat


Kaloleni, Voi
25 Aprili 1972

Mwanangu Josephat,

Salamu, na pongezi kwa Mutindi. Huyo ana akili, usimpoteze.

Nilikuwa na kiu.

Isitoshe, maisha yangu yote nimechapa watoto kwa kutema mate mbele za watu, halafu mnataka niteme mbele ya wakwe.

Haya, hayo ni ya kucheka. Sasa sikiliza ya kweli. Nilipotia yale maji kinywani nilikuwa nimekusudia kutema. Nilijiuliza, je, hasira imekwisha? Nikaona haijakwisha. Ningetema, ningekuwa nimemdanganya Mungu, na Obadiah, na yule binti wa watu ambaye hajanikosea kitu. Wapo wengi wanaotema maji na kubaki na sumu. Mimi nilimeza nikaonekana. Niambie ni nani mwongo.

Wewe unadhani nagombania neno. Shika neno lako. Nasema hivi: mama yako hakumkimbilia mtu yeyote katika dunia hii. Hakumkimbilia meneja wala mke wake wala mbwa wao. Nimemaliza.

Tryphena


Makadara, Nairobi
18 Juni 1972

Mama Mdogo,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Haikuwa kazi iliyonichelewesha. Kila nilipoanza kuandika nilichana karatasi.

Unasema hakumkimbilia mtu yeyote. Mama Mdogo, mimi nilimwona.

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa likizo, ukanipandisha lori la mkonge nikamtembelee kazini. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni na kipande cha mkate mkavu walichobakiza. Kengele ndogo ikalia kule barazani, ile ya kushika mkononi. Mama alikuwa ananieleza jambo, akaliacha katikati. Akachukua trei. Akakunja mgongo, akabana magoti, akaenda kwa vihatua vifupi vifupi, tap tap tap, kichwa mbele, mpaka kwa yule memsabu, mke wa meneja, aliyekuwa hata hajainua macho kutoka kwenye ufumaji wake. Sijawahi kusahau. Niliuacha ule mkate hapo hapo kwenye ngazi.

Unadhani sikutafuta neno lingine? Nilitafuta mwezi mzima. Ningeandika alitembea, ningekuwa mwongo. Ningeandika alikimbia, mtu huru ndiye anayekimbia, hukimbia kwenda anakotaka. Nililikuta lile neno nikajua ndilo, na nililichukia wakati naliandika. Sikumfanya mama yangu panya. Wao ndio waliomfanya. Mimi nimeandika nilichokiona, na hasira yangu ni kwao.

Na wewe miaka hiyo yote ulikuwa wapi? Ulikuwa darasani Voi, umevaa viatu, unafundisha neno hilo hilo, na viatu vilinunuliwa na mwendo ule ule. Labda ndiyo maana linakuwasha.

Kama hutaki kutema, basi. Tutaoana ofisini kwa DC, tuishi bila baraka zako. Watu wanaishi.

Josephat


Makadara, Nairobi
20 Agosti 1972

Mama Mdogo,

Shikamoo. Miezi miwili sasa huandiki. Dinah amenijibu kwamba u mzima, unakwenda kanisani, unagombana na wauza nyanya kama zamani. Nimeshukuru Mungu kwa hao wauza nyanya.

Maneno yangu ya mwisho kuhusu viatu yalikuwa makali. Nayajutia. Yaliyobaki siwezi kuyafuta, kwa sababu niliyaona.

Mutindi amekataa mambo ya DC. Amesema, "Siingii nyumba ambayo mama wa mume wangu amefunga koo." Nikamwambia hizo ni mila za mlimani kwetu, yeye zinamhusu nini. Akanijibu kwamba kinyongo hakina kabila. Na Mzee Musyimi amepata posa nyingine, ya mtu wa Makindu mwenye malori. Amesema anatungoja mpaka Novemba, basi.

Kitabu kinakwenda kiwandani mwisho wa mwezi wa kumi. Ukitaka nilitoe neno, nitalitoa. Nitaandika alitembea. Utakuwa uongo, lakini nampenda Mutindi kuliko ninavyopenda ukweli wa ukurasa mmoja.

Nijibu, hata kwa mstari.

Josephat


Kaloleni, Voi
9 Septemba 1972

Mwanangu Josephat,

Salamu nyingi. Mguu umetulia kidogo. Mtoto Priscilla ameota meno mawili na ananiuma kidole kila nikimbeba. Obadiah alianguka kutoka juu ya ukuta wa zizi lakini hakuvunjika, ameumiza sifa yake tu.

Barua yako ya Juni niliiweka chini ya Biblia, na matokeo yake sikuifungua Biblia mwezi mzima. Ulisema ulimwona. Nilikuwa sijui kwamba ulimwona. Ilinilazimu nipande Mbololo, nikakae kwenye kaburi la dada yangu, ndipo nijue nitakujibu nini.

Sasa soma polepole.

Mama yako alikuwa na mwendo wa kivivu kuliko mtu yeyote wa kwetu. Bibi yako akimtuma chumvi kwa jirani, chakula kililiwa bila chumvi. Alitembea kama mtu anayekagua shamba lake, kila jiwe analisalimu. Alipoanza kazi kwa meneja, wiki ya kwanza tu yule memsabu akalalamika: msichana huyu mzito, mvivu, nitamrudisha kwao. Priscilla akaja kwangu Jumapili. Alikuwa halii. Akaniambia, "Tryphena, hawa hawataki niwahi. Wanataka waone naogopa. Basi nitawatengenezea."

Akautengeneza mwendo ule. Hapa hapa kwangu, kwenye sakafu hii, mchana baada ya kanisa. Magoti yabane, mgongo uiname, kichwa mbele kama kuku aliyeitiwa mtama. Mimi nilikalia kiti cha memsabu nikigonga kikombe kwa kijiko, yeye anakuja na sinia kutoka jikoni kwangu, tap tap tap, anainama, anasema "Yes, Memsaab" kwa sauti ya mbuzi. Obadiah alicheka mpaka akatoka nje kujishika mbavu. Na sikiliza hili, ambalo wewe na mhariri wako hamkulijua: kwa vile vihatua vifupi alikuwa anachelewa kuliko angetembea kawaida! Tulimpima. Memsabu aliona miguu mingi akadhani ni upesi. Akamwongeza mshahara mwisho wa mwezi. Priscilla mwenyewe aliuita mwendo wa mshahara. Asubuhi aliuvaa getini pamoja na aproni, na jioni aliuvua hapo hapo getini, akaja nyumbani anasalimu mawe.

Kila alipopata Jumapili alitufanyia mchezo huo, na kila mara aliuongezea kitu. Wewe ulikuwa hapa. Tulikutuma ukateke maji bomba la stesheni, kwa sababu mtoto hupeleka maneno, na maneno yangefika kwa meneja angepoteza kazi. Alisema, "Akikua nitamwonyesha mwenyewe, tucheke naye." Halafu akaugua, na ugonjwa haukungoja ukue.

Kwa nini sikukuambia miaka yote hii? Kwa sababu ulikuwa mchezo wake wa kukuonyesha, haukuwa wangu. Na kwa sababu tangu tumzike sijaweza kuucheka peke yangu. Nampeza dada yangu, Josephat. Nilidhani nimezoea, kumbe nilikuwa nimenyamaza tu.

Sasa unaijua hasira yangu. Haikuwa neno. Miezi yote hii hata mimi nilijidanganya kwamba ni neno. Ni kwamba ulimwamini! Umezaliwa naye, umesoma, unavaa tai, umemtazama kwa miaka kumi na saba katika kumbukumbu yako, na umeona kile kile alichokiona yule memsabu. Tofauti yenu ni kwamba yeye alilipa.

Nimerudi kwenye vitabu vyangu mara nyingine, kutafuta kama Kiingereza kina neno la mtu anayekwenda mbio fupi fupi namna ile huku akiwadharau anaowakimbilia. Hakina. Wana maneno ya mbayuwayu, ya majani, ya binti anayekwenda dansini, yote ya wepesi. La hilo hawana. Wangelipataje, na hawakuwahi kumfuata mtu mpaka getini?

Kwa hiyo usilitoe. Ukiandika alitembea, nitameza mto Voi wote, maji na mchanga. Liache, maana ndilo waliloliona, na wewe pamoja nao. Ila hadithi yako umeimalizia barazani. Ifikishe getini.

Njooni kwa Obadiah Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba, wewe na Mutindi na baba yake. Nitatema. Nimeshajaribu hapa uani, kuku wa Dinah walitawanyika, sitasema kwa mwendo gani.

Mama yako mdogo anayekupenda, hata ukiwa mjinga,
Tryphena


Makadara, Nairobi
22 Septemba 1972

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia kazini. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka, nikacheka, halafu nikalia, halafu mlinzi akaja kuniuliza kama nimefukuzwa kazi.

Miaka kumi na saba nimembeba mama aliyekunja mgongo. Nimemhurumia kila siku. Na yeye alikuwa anawacheka, na mimi kwenye ngazi na mkate wangu, nikiwa upande wa kuchekwa. Sijui niumie au nifurahi. Leo nimefurahi.

Nimeanza kuandika upya. Mhariri amesoma kurasa mpya, ameniambia haamini mjakazi anaweza kufikiri hivyo. Nimemwambia kitabu kitatoka hivyo au kitoke bila mimi. Aliondoka kwa hatua ndefu.

Tarehe 14 tutafika. Mzee Musyimi amekubali, ila amesema atakaa karibu na wewe kabisa, aangalie koo.

Nimemsomea Mutindi barua yako yote. Ana ombi, nami nimemwambia asithubutu, lakini amenishika mpaka niandike. Anauliza kama baada ya kutema utaweza kutuonyesha ule mwendo. Anasema wewe peke yako ndiye umebaki unayeujua vizuri, na watoto wetu hawatamwona bibi yao kwa njia nyingine. Mguu wako nimemweleza.

Mwanao,
Josephat


Kaloleni, Voi
2 Oktoba 1972

Mwanangu Josephat,

Salamu kwenu nyote. Mawingu yameanza kukaa juu ya Mbololo, tuombe yashuke.

Nimelisoma ombi la Mutindi. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Ni mzee wa kanisa. Nina mguu mbovu na daktari anayenisema. Kunitaka nikunje mgongo na kubana magoti mbele ya wakwe, mbele ya Musyimi anayenichungulia koo, mbele ya wazee wa mlimani ambao nusu yao niliwachapa darasa la tatu, ni utovu wa adabu ambao sijapata kuusikia.

Mwambie alete trei, maana yangu imevunjika kishikio. Kiti cha memsabu utakikalia wewe.

Tryphena